Vipokezi vya Usingizi na Ndugu Zetu Wasioona
Giza linapoingia, tezi ndogo ndani ya ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini. Homoni hii hujishikiza kwenye vipokezi viwili, MT1 na MT2, na mwili hutambua kuwa ni usiku. Kwa wengi wasioona mwanga kabisa, saa ya mwili hukosa kitu cha kuirekebisha. Huchelewa kidogo kila siku, hata mtu akasinzia mchana na kukesha usiku. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha tasimelteoni, dawa inayoamsha vipokezi hivyo, kwa ajili ya tatizo hili. Nyingine, agomelatini, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2009 kutibu sonona. Ndugu wasomaji, asiyeona akisinzia kikaoni tusimwite mvivu. Tumsaidie afike kwa daktari.