Tangi la Maji Latosha Kuwa Darasa

Aghalabu mwanafunzi akisikia kwamba nyumba yaweza kujiendesha yenyewe, fikira zake hukimbilia kasri ambamo mapazia hujifungua na taa hutii sauti ya mwenyewe. Mwalimu naye hukata tamaa mapema, akidhani hayo ni ya shule zenye maabara ghali. Wote wawili wameanzia pasipofaa.

Bodi ya Arduino ilizaliwa mwaka wa 2005 mjini Ivrea, Italia, katika taasisi ya usanifu, ili wanafunzi wasio wahandisi wapate chombo rahisi cha kujaribia mawazo yao. Michoro yake iliachwa wazi, ndiyo sababu nakala za bei nafuu zimejaa madukani. Ile iitwayo Uno ina kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu. Haibebi hata picha moja ya simu, lakini yatosha kulinda tangi.

Naam, tangi la juu ya paa, lile linalofurika usiku pampu ikisahauliwa. Kihisi hufungwa chini ya kifuniko, hutoa mlio usiosikika na masikio yetu, nayo bodi hupima muda ambao mwangwi huchukua kurudi kutoka kwenye uso wa maji. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Zidisha kwa muda huo, kisha ugawanye kwa mbili, maana sauti imekwenda na kurudi. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 6 za elfu za sekunde, maji yako kiasi cha mita moja chini. Yakikaribia ukingo, kengele ndogo italia.

Na kengele itoshe kwanza. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomhimiza mwanafunzi aunganishe rilei na pampu siku ya kwanza. Pini ya bodi hutoa volti 5, nayo isibebeshwe zaidi ya miliampea 20 hivi. Kosa hapo huunguza kifaa. Upande wa pili wa rilei pana umeme wa volti 240, nao hausamehe. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni, mwanafunzi akitazama kando.

Yamkini mtu ataniambia kwamba vifaa vilivyo tayari vyauzwa. Kweli, vyauzwa. Lakini vingi hutegemea kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo. Kampuni ikifunga huduma, taa yabaki pambo. Kengele ya tangi haijui intaneti ni nini.

Mwalimu anayetaka kuanza muhula ujao atahitaji bodi moja kwa kila wanafunzi wanne, kihisi, kengele, nyaya na ndoo ya maji mezani. Ndoo, si tangi; paani watapanda baadaye.