Fundo Zuri Hushikwa na Kilicho Chini Yake

Nani katika Kiringye asiyejua thamani ya fimbo? Mchungaji huishika tangu alfajiri akiwafuata ng'ombe katika uwanda wa Ruzizi. Mzee huitegemea akipanda njia ya milimani. Lakini jua la uwandani ni kali, jasho hutoka kiganjani, na mti uliolainishwa huteleza. Kwa sababu hiyo mafundi wa nchi nyingi huuvika mpini msuko wa ngozi. Msuko huo hupendeza macho, tena huupa mkono mahali pa kushika. Leo twataka kuwaeleza wasomaji, hasa vijana wa shule, namna ya kufunga fundo moja la jamii hiyo, pamoja na msingi wake. Maana bila msingi fundo halidumu.

Fundo lenyewe huzunguka mpini kama kilemba kinavyozunguka kichwa. Mabaharia wa Ulaya hasa waliliita kichwa cha Mturuki. Sisi tutaliita fundo la kilemba. Walilifunga kwa kamba kwenye kishikio kimoja cha usukani wa meli, ili nahodha hata gizani apapase na kujua kwamba usukani umesimama sawa. Wachunga ng'ombe wa Argentina, waitwao gaucho, hulisuka kwa ngozi kwenye hatamu na mijeledi. Mwaka 1944 Mmarekani Clifford Ashley alitoa kitabu kikubwa chenye mafundo zaidi ya 3,800, na hili limo, tena kwa namna nyingi.

Kwanza, ukanda. Ng'ombe akichinjwa, wote hujua kazi ya nyama. Kazi ya ngozi si wote waijuao. Twaa ngozi mbichi iliyokwisha kuparwa nyama na manyoya, ukate kipande cha duara. Kisha ukikate kwa kuzunguka kutoka nje kwenda ndani, kama mtu amenyavyo chungwa. Usidharau kipande kidogo: duara yenye upana wa sentimita 20, ikikatwa ukanda wa milimita 5, hutoa karibu mita 6. Lakini shika kisu kwa uangalifu. Ukanda uliokatwa vibaya hauungiki tena, na penye wembamba ndipo utakapokatika siku ya kuuvuta.

Pili, msingi. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Kijana huona fundo zuri kwenye fimbo ya mwingine, akakimbilia kusuka juu ya mti mtupu. Juma halijaisha, fundo limeshuka hadi katikati ya fimbo.

«Baba, mbona fundo langu linateleza, nami nililikaza sana?»

«Mwanangu, ulikaza juu ya nini?»

Jibu limo katika swali hilo. Fundo lisilo na cha kuuma huteleza, hata likikazwa namna gani. Basi, zungusha kwenye mpini kamba nyembamba au ukanda mwembamba wa ngozi, safu karibu na safu, pasiwe na nafasi. Ongeza safu katikati, punguza kuelekea miisho, mpaka msingi uwe na tumbo dogo, nyembamba huku na huku. Tumbo hilo huinua msuko juu, na miisho myembamba huzuia kingo za fundo zisitoke. Kama umetumia ngozi mbichi, uache msingi ukauke kabisa kivulini kabla ya kuufunika. Ngozi mbichi ikikauka hunywea. Msingi ukinywea chini ya fundo lililokwisha kufungwa, fundo litalegea.

Tatu, alama. Chora mistari miwili ya duara kuuzunguka msingi, mmoja karibu na kila mwisho. Katika mstari wa kushoto tia alama 5 zenye nafasi sawa, uzipe hesabu 1 hadi 5. Katika mstari wa kulia tia alama 5 vilevile, kila moja ielekee katikati ya mbili za kushoto. Chomeka mwiba mdogo penye kila alama, upate kuuzuia ukanda.

Sasa lowesha ukanda majini hata ulainike, uanze kwenye alama ya 1 kushoto. Nenda kulia ukizunguka mpini kwa mbele. Ruka alama ya kwanza utakayoikuta, zungusha ukanda kwenye ya pili. Rudi kushoto, ukizidi kuzunguka upande uleule. Ruka moja, shika ya pili. Utajikuta kwenye alama ya 4. Endelea hivyo, nawe utapita 2, kisha 5, kisha 3, mwisho utarudi 1. Utakapoanza kukutana na ukanda uliokwisha kulazwa, shika kanuni hii: karibu na ukingo unaotoka, pita juu, karibu na ukingo unaouendea, pita chini. Basi.

Vijana wa shule wajaribu pia kwa uzi na alama 6. Wataanza 1, watafika 4, kisha watarudi 1, kumbe 2, 3, 5 na 6 zimebaki tupu! Sababu ni hesabu tu. Kila ukienda na kurudi unasonga alama 3, na 6 hugawanyika kwa 3. Kwa hiyo alama 4, 5, 7 au 8 zafaa. 6 na 9 hazifai kwa ukanda mmoja. Mwanafunzi aliyedhani kugawanya ni kazi ya ubao tu ataiona hapa mikononi mwake.

Ukirudi mwanzo, fuata njia ileile mara ya pili na ya tatu, ukiulaza ukanda kando ya wa kwanza bila kuuvuka, mpaka msingi usionekane. Kwa msingi wenye mzunguko wa sentimita 10 na mistari iliyoachana sentimita 3, andaa mita 1 na nusu. Ng'oa miiba, kisha kaza polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, tena na tena, usivute mahali pamoja kwa nguvu. Ficha ncha chini ya msuko, viringisha fundo kwa kijiti laini, uliache likauke.

Lakini kabla ya yote, ukague mti wenyewe. Mpini wa panga wenye ufa usivikwe fundo. Ngozi itauficha ufa, mwenye panga atapiga kwa nguvu zote akiuamini mkono wake, na siku mpini utakapopasuka chuma kitamrukia yeye au mwenzake. Badili mpini kwanza. Na anayesuka kwa kuuza ajue kwamba mnunuzi huona msuko siku ya kwanza, lakini msingi huujua baada ya mwezi. Ndipo huamua kama atarudi kwa fundi huyo au la.