Je, Wajua? Ufaransa kwa Baiskeli Bila Kutoka Kasulu

Je, wajua mfereji wa Canal du Midi kule Ufaransa una kilomita 240? Wewe wa Nyakitonto ukipiga pedeli kilomita 10 kwa siku, shambani na kurudi, siku ya 24 umeumaliza! Gurudumu lako la inchi 28 limeshazunguka zaidi ya mara 100,000.

Haya, tuanzie upande wa Mediterania. Njia utakayopita ni ile ya farasi waliokuwa wakivuta boti kwa kamba.

Siku ya 4 uko Fonserannes, na hapo boti zinapanda mlima! Boti inaingia kwenye bwawa dogo la mawe, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanajazwa, inainuka, mlango wa mbele unafunguka, inaingia bwawa la pili. Mabwawa ni 8, kimo mita 21. Wewe unayesukuma Phoenix yenye mikungu ya ndizi, mpira umekazwa mpaka keria inalia, unazijua mita 21 za mlima!

Kesho yake unakuta handaki la Malpas. Mlima ulitobolewa mwaka 1679 ili boti zipite chini yake.

Na je, wajua aliyeujenga mfereji huo alikuwa mkusanya kodi ya chumvi? Naam, chumvi, kama ile ya Uvinza, ambako watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita! Pierre-Paul Riquet alianza kazi 1666, akafa 1680. Mfereji ulifunguliwa 1681. Inauma, jamani.

Kanyaga! Siku ya 19 uko Naurouze, kileleni kabisa: mita 189 juu ya usawa wa bahari. Hizo tu? Mvuvi aliyekaa ufukweni Ujiji yuko zaidi ya mita 760!

Hapo Naurouze maji yanagawanyika, haya Mediterania, haya Atlantiki. Na mvua inayopiga bati lako Nyakitonto, unadhani inakwenda wapi? Inaingia Malagarasi, Malagarasi unamwaga maji Ziwa Tanganyika, maji ya ziwa yanatokea kwa mto Lukuga, Lukuga unaingia mto Kongo, na Kongo unaishia Atlantiki. Atlantiki hiyohiyo ya Wafaransa! Bahari ya Hindi, pamoja na ukaribu wake wote, haipati hata tone.