Kawia Ufike: Siku za Kupumzika Melini



Tuhesabu pamoja. Jogoo akiwika, mama ameisha kuamka. Kabla jua halijatokea juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, amewasha makala, amefagia uwanja, amewaandaa watoto wa masomo. Kisha ni soko au shamba, na foleni ya maji. Jioni ni sombe ya kutwanga, usiku ni nguo za kukunja. Katika juma nzima, ni saa ngapi mikono ya mama imetulia juu ya magoti bila kazi?

Kuna mahali pamoja ambapo jambo hilo linawezekana, na wengi wetu hatulifikirii: ndani ya meli. Ukiisha kupanda pale bandari ya Kalundu na meli ikaelekea Kalemie, hakuna wa kukutuma dukani, hakuna wa kubisha mlango, na rezo ya simu inapotea njiani. Maji kushoto, maji kulia. Tumezoea kuisimulia safari hiyo kwa kulalamika: joto, msongamano, kuchelewa. Juma hili tuitazame kwa jicho lingine, kama siku za kupumzika ambazo mama anaweza kuzipanga vizuri. Na tuseme pia jambo kubwa kuliko kupumzika, yaani kufika.

Kwa nini safari inachukua siku

Ziwa letu ni refu kuliko tunavyodhani tukiwa tunafua nguo ufukoni. Kutoka huku kwetu Ruzizi inapoingia hadi Mpulungu kule Zambia ni zaidi ya kilomita 670. Upana wake kwa sehemu kubwa ni karibu kilomita 50, na pale penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal tu ya Urusi inayolishinda kwa kina. Nchi nne zinanywa humo: Congo yetu, Burundi, Tanzania na Zambia.

Uvira iko kichwani kabisa mwa ziwa hilo. Kwenda Kalemie ni karibu kilomita 300 za maji. Meli yenye nguvu inalala njiani usiku mmoja. Boti ya mbao inayosimama huku na huku kupakia unga, mawese na watu inaweza kuchukua siku zaidi. Meli haiondoki kwa saa ya ukutani. Inaondoka mizigo ikiisha kupangwa na upepo ukikubali. Anayepanda akiwa na hasira ya haraka atateseka safari nzima. Anayepanda akijua kwamba siku hizo zimekwisha kutolewa, atazifaidi.

Wengine wanalipia kile kile

Huko duniani kuna watu wanaoweka pesa miaka mingi ili wakakae tu juu ya maji. Mwaka 1922 meli Laconia ya kampuni Cunard ilitoka New York na abiria wa matembezi, ikaizunguka dunia kwa zaidi ya miezi minne. Hawakuwa na mzigo wa kuuza wala ndugu wa kuzika. Hata leo meli kubwa za namna hiyo zinafika Mombasa na Zanzibar, zikiwa na abiria ambao kazi yao ni kula, kulala, kusoma kitabu na kutazama mawimbi.

Sisi hatuna meli yenye vitanda vya namna hiyo. Tuna mkeka juu ya magunia. Lakini kile wanachokitafuta wale, muda mrefu usiodaiwa na mtu, kimo ndani ya tiketi yetu ya Kalemie. Tofauti ni kwamba wao wanakijua na sisi tunakilalamikia.

Mchana na usiku wa melini

Saa ya kwanza ni ya kazi: kutafuta mahali penye kivuli, kutandika mkeka, kufunga mizigo, kujua jirani zako. Chagua jirani vizuri, maana huyo ndiye atakayeangalia mtoto wako ukienda msalani. Kisha Uvira inaanza kuwa ndogo. Milima ya Mitumba inabaki mkono wa kulia muda wote, kama ukuta wa nyumba. Upande wa kushoto ni Burundi, na baadaye Tanzania kwa mbali. Mbele inatokea rasi ya Ubwari, imeingia ziwani kama kidole, na nyuma yake ghuba ya Baraka.

Hapo ndipo siku inapolegea. Mmoja anaanza kumsuka mwenzake. Kichwa ambacho nyumbani kimengoja majuma mawili kinaisha kabla ya jioni. Mwingine anatoa uzi na sindano, na msichana aliyekaa karibu anajifunza kufuma bila kulipa hata franga moja. Muuza vitenge na muuza samaki wakavu wanalinganisha bei za Kalemie na za Baraka, na mengi ya biashara yetu yamefundishwa hivyo, juu ya mkeka, wala si darasani. Habari za harusi, za matanga, za likelemba iliyovunjika na sababu yake, zote zinapata muda wake. Nyumbani tunazikata katikati kwa sababu chungu kinaungua.

Halafu usingizi. Tusione haya kuutaja. Kuna mama ambaye akipanda meli analala mchana kutwa, na wengine wanamcheka. Tusimcheke. Mwili wake unadai deni la miezi.

Usiku una uzuri wake. Wavuvi wa ndagala wanawasha taa zao, na ziwa linakuwa kama mji. Waeleze watoto kazi ya taa zile: mwanga unawavuta ndagala kutoka chini kuja juu, na wavu unawapokea. Ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi wengi wanapumzika; mwezi umeangaza ziwa lote na taa hazina nguvu tena. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho halisahau.

Hadithi za kusimulia njiani

Safari ndefu inataka hadithi, na ziwa letu linazo. Mwaka 1858, mwezi wa 4, Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitaka kujua kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia. Wenyeji waliwaambia: inaingia. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley wakaja tena kwa mtumbwi, wakaangalia wenyewe, wakakuta ni vile vile. Swali lililowasafirisha wakubwa hao, mtoto wa Kavimvira angelijibu akiwa anaoga.

Hadithi nyingine ni ya Liemba, bibi wa meli zote za ziwa hili. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, na kutoka hapo Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini kwanza walizipaka injini grisi. Waingereza waliitoa chini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikatembea tena kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa kule kusini. Kwa miaka mingi iliondoka Kigoma Jumatano, ikafika Mpulungu Ijumaa. Vijiji vingi vya njiani havikuwa na gati, kwa hiyo mitumbwi ilikuja ubavuni mwa meli usiku na mchana, ikipakia na kupakua watu, mananasi na kuku.

Uvira nayo imo katika hadithi hiyo. Mwaka 1997, baada ya vita, shirika la UNHCR liliitumia Liemba kuwarudisha wakimbizi wetu kutoka Tanzania. Katika miezi mitano ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikarudisha watu zaidi ya 75,000. Katika nyumba zetu wako wanaokumbuka ubavu wa meli ile, na watoto waliobebwa mgongoni siku hizo leo ni wazazi. Safari ile haikuwa ya mapumziko. Lakini hata humo kulikuwa na saa za kukaa juu ya maji, vita nyuma, nyumba mbele, bila la kufanya ila kungoja. Mwenye kumbukumbu hiyo asiende nayo kaburini. Aisimulie.

Kupumzika si uvivu

Mama anaporudi kutoka Kalemie mara nyingi anapokelewa hivi: "Umeshinda umekaa tu siku mbili, sasa tupikie." Hapo ndipo mapumziko yote yanapofutwa. Tena melini kwenyewe, waume wanacheza karata, na mama anakwenda kujitafutia kazi: anapikia watu asiowajua, anabembeleza watoto wa wote. Kusaidiana ni kuzuri. Lakini mama asiyejua kukaa atakaa siku moja tu, siku ya ugonjwa, na hiyo hataichagua.

Kwa hiyo mapumziko yapangwe kabla ya kupanda. Pika vya njiani nyumbani: mihogo, mandazi, karanga, ndagala wa kukaanga. Kubaliana na mume, au na dada na wifi, nani atapika na nani atapeleka watoto shuleni, na siku ya kurudi pia isiwe siku ya kupika. Watoto wanaobaki waachwe kwa mwenzako wa chama, nawe utamlipa kwa zamu yako. Ukiwa na roho nyuma Songo, mwili ukiwa Ubwari haupumziki.

Kawia ufike

Wahenga walisema kawia ufike, na maneno hayo yalitungiwa wasafiri kama sisi. Mwezi wa 12 mwaka 2014 meli Mutambala ilitoka Kalemie ikielekea Uvira, ikapinduka usiku ikiwa imejaa kupita kiasi. Watu zaidi ya 100 walikufa, wanawake na watoto wakiwemo. Mwezi wa 10 mwaka 2024, katika ziwa Kivu, meli Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakitazama. Tangu mwaka 2019 Rais wa Jamhuri aliagiza kila abiria wa maziwani avae jile la kuokoa. Agizo hilo lina faida kwa yule tu aliyelivaa. Basi tukumbushane:

- Tazama meli kabla ya kulipa. Ikiwa imezama chini mno kwa mizigo, au watu wanakalia magunia hadi ukingoni, baki. Nauli inapatikana tena.
- Ulizia jile lako mapema, na lile la mtoto. Jile la mtu mzima linamtoka mtoto mdogo likiingia maji. Usilifanye mto wa kulalia. Livae, hasa usiku.
- Uliza upepo. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 8, upepo wa kusini unaambaa na ziwa lote na kuinua mawimbi makubwa. Nahodha akisema tungoje, tumshukuru, tusimpigie kelele.
- Usinywe maji ya ziwa mabichi, hata yakiwa meupe kama kioo. Kipindupindu tunakijua sisi wa Uvira na wenzetu wa Kalemie. Beba bidoni ya maji yaliyochemshwa au yenye kloro, na sabuni kipande.
- Akiharisha mtu melini, mpeni maji yenye sukari na chumvi bila kungoja: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi.
- Hakikisha jina lako na la kila mtoto limeandikwa kwenye orodha ya abiria, na mtu mmoja nyumbani ajue jina la meli na siku ya kuondoka.

Mama anayesema "siipandi hii, nangojea ya kesho" anaonekana mwoga mbele ya watu wa bandari. Sisi katika chama tumpe heshima. Wakiwa wawili, ni rahisi kukataa; wakiwa watano, mwenye meli mwenyewe ataanza kupunguza magunia. Ndiyo sababu ni vema wamama wa biashara wasafiri kwa kundi.

Katika mkutano ujao, wenye safari ya Kalemie au Baraka mwezi huu wajitaje, tuwapange wanaoweza kwenda pamoja na watakaobaki na watoto wao. Kila mmoja aje na mkeka wake. Uzi wa kufuma na nywele za kusuka mtajuana wenyewe.