Kodi yabadilishwa, risiti yabaki na kiwango cha zamani

TUCHUKUE mfano wa mwenye duka la jumla mjini Kehancha, Kaunti ya Migori, anayetoa risiti kwa kompyuta. Mnamo Aprili 1, 2020, serikali ilipunguza Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha ikairejesha kuwa 16 Januari 1, 2021. Tuseme fundi anabadilisha namba hiyo katika faili moja ya programu, lakini risiti zinaendelea kuonyesha kiwango cha zamani. Kosa liko wapi?

Jibu limo katika kompaila, yaani programu inayofasiri maagizo ya binadamu yawe lugha inayotekelezwa na mashine.

Ili kuongeza kasi, kompaila nyingi huchukua namba au kifungu kifupi cha maagizo kutoka faili moja na kukipachika moja kwa moja mahali kinapotumika. Ni sawa na karani anayenakili bei katika kila ukurasa wa daftari lake badala ya kuitazama ubaoni kila mteja anapofika. Huhudumia upesi, lakini bei ikipanda, kufuta ubao pekee hakutoshi.

Wabunifu wa lugha za kompyuta hawakuamua mamoja. Katika Java, namba iliyotangazwa kuwa ya kudumu hunakiliwa ndani ya kila faili inayoitumia. Faili hizo zisipofasiriwa upya, hubaki na namba ya kale bila onyo lolote. Vifungu vya maagizo, kwa upande wake, hupachikwa baadaye programu ikiwa inatumika, hivyo mabadiliko yake huonekana.

Katika C++, kifungu cha kupachikwa kwa kawaida huwekwa katika faili ya pamoja. Kikiguswa, faili zote zinazoitegemea hulazimika kufasiriwa upya, kazi inayoweza kuchukua muda mrefu katika mradi mkubwa.

Kwa hivyo, kiwango cha kodi kisiandikwe kama namba ya kudumu. Kiwekwe katika hifadhidata, programu ikisome humo. La sivyo, fundi afasiri upya programu nzima.

Mwenye duka naye akague risiti kwa mkono. Kwa bidhaa ya Sh1,000 kabla ya kodi, kosa hilo lingemtoza mteja Sh20 zaidi mwaka wa 2020. Kiwango kiliporudi 16, Sh20 hizo zingetoka mfukoni mwa mwenye duka.