Joto laweza kula mtaji wa mnunuzi wa kadi za mitumba

Wanunuzi wa kadi za michoro za mitumba kwa ajili ya kompyuta za gemu wanashauriwa kupima joto kabla ya kutoa fedha.

Soko la kadi hizo lilibadilika Septemba 2022, mtandao wa sarafu ya Ethereum ulipoacha uchimbaji uliotegemea kadi za michoro. Kadi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Kadi ya namna hiyo yaweza kuwa nzima, lakini feni zimechoka na grisi ya kupitishia joto imekauka.

RTX 3080, iliyotoka mwaka 2020 kwa dola 699, hula wati 320 na kikomo chake ni nyuzi 93 za Sentigredi. Prosesa ya Ryzen 9 7950X imewekewa nyuzi 95, na Core i9-13900K nyuzi 100. Vikifika hapo, vifaa hujipunguzia kasi ili visiungue. Mnunuzi huwa amelipia kasi asiyoipata.

Kipimo ni rahisi: gemu nzito ichezwe nusu saa, kasha likiwa limefungwa, na programu ya joto ikiwa wazi. Kasi ikishuka, bei ijadiliwe upya. Mara nyingi tiba ni kufuta vumbi, kupaka grisi mpya na kurekebisha feni, gharama ndogo mbele ya bei ya kadi.

Wenye kumbi za gemu Dar es Salaam na Mombasa wakumbuke kuwa feni haipozi kifaa chini ya joto la chumba.