Mtu mzima na bwawa: anza na pumzi, mikono itafuata

Sisi wa Kisii na Nyamira ni watu wa milimani. Mito ya Gucha na Sondu tulikatazwa kuikaribia tangu utotoni, na katazo hilo lilikuwa la haki. Ndiyo maana wengi tunafikisha miaka 40 bila kuwahi kutia uso majini.

Jumamosi moja, katika bwawa la hoteli mjini Kisii, mama mmoja tuliyeanza naye mafunzo aliachia ukuta, akarusha mikono mara nne, akainuka akikohoa.

"Mwalimu, mimi ni jiwe la Tabaka."

"Jiwe halina mapafu, mama. Wewe umebana pumzi tu."

Mwalimu alisema kweli. Jiwe la Tabaka ni zito kuliko maji zaidi ya mara mbili, lakini mwili wa binadamu unakaribiana na maji kwa uzito, na mapafu yaliyojaa hewa huwaelesha wengi wetu. Kinachozama ni miguu, kwa kuwa hewa yote iko kifuani. Ukiinua kichwa kutafuta pumzi, nyonga zinashuka papo hapo, na kuogelea kunageuka kupanda milima ya Manga. Katika mtindo huru, macho hutazama sakafu ya bwawa. Ukitaka hewa, mwili wote unalala ubavu na sikio moja linabaki majini.

Kiu ile ya hewa inayotutia hofu huletwa hasa na kaboni dioksaidi inayojaa damuni, kabla oksijeni haijapungua sana. Aliyebana pumzi akifika juu hulazimika kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja. Hamalizi kutoa, hivyo anavuta kidogo, na hofu inazidi. Kwa hiyo toa viputo polepole muda wote uso ukiwa majini. Tena Kisii iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Kila pumzi ina oksijeni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Ukichoka mapema, pumzika bila aibu.

Nawasihi, msijifunzie mtoni wala kwenye mashimo ya machimbo yaliyojaa mvua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 300,000 vya kuzama mwaka 2021.

Yule mama alishika ukuta saa nzima akitoa viputo tu. Jumamosi ya tatu alivuka upana wa bwawa, akasimama, akaomba arudie.